Mtetemo wa Mkono wa Kulia

Kila Jumamosi ya mashindano nilikuwa na utaratibu wangu, na ole wake aliyeuvuruga. Niliamka kabla mama hajawasha jiko, nikapiga viatu brashi, nikapiga pasi fulana nyeusi ya uamuzi, kisha nikajaribu kipenga mara moja dirishani. Hapo kaka yangu alikuwa akifoka kutoka chumbani kwake, "We Kipenga! Watu tumelala!" Jina hilo alinipa yeye nilipokuwa mchanga, eti nikilia majirani walidhani mpira umeanza. Nilipofika darasa la saba na kuchaguliwa kuwa mwamuzi wa mechi za shule, jina likanikaa sawasawa.

Jumamosi ninayoisimulia nilikuwa na kitu kipya. Siku nne kabla yake kaka, ambaye ni fundi simu, alikuwa ameniletea bangili ya kuhesabia hatua. Ilikuwa nyeusi, ya mpira, yenye kioo kidogo kinachoonyesha umetembea hatua ngapi tangu asubuhi. Yeye alikuwa na yake, na kila jioni tulilinganisha. Alinishinda siku zote nne, tena akanicheka bila huruma. "Elfu kumi ni za watu wazima," alisema. "Wewe endelea na elfu sita zako." Nikaapa kwamba Jumamosi, nikichezesha fainali, atanikoma.

Tatizo lilikuwa kanuni. Mwalimu wetu wa michezo, mwanamke mrefu asiyecheka hovyo, alikuwa ameibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Mwamuzi haingii uwanjani na hereni, mkufu, pete, bangili wala kifaa chochote cha mkononi, isipokuwa saa yake ya mchezo. Aliye kwenye ndoa anaruhusiwa pete isiyo na jiwe, na mgonjwa anaruhusiwa bangili ya kumjulisha daktari. Basi. Mimi sikuwa na ndoa wala ugonjwa. Nilikuwa na kaka wa kumshinda.

Saa tatu asubuhi mwalimu alitupanga mstari kwa ukaguzi. Mbele yangu alikuwa rafiki yangu Kibendera, mshika bendera wa upande wa mashariki, ambaye alikuwa amesahau uzi wa rangi mkononi.

"Mwalimu, ni uzi tu jamani," alilalamika.

"Nani kasema ni mnyororo?" mwalimu akamjibu, akachukua mkasi na kuukata.

Zamu yangu ikafika. Mkono wa kushoto nilikuwa na saa ya mchezo, ile ya shule, inayotetemeka muda ukiisha. Mkono wa kulia nilikuwa nimevaa bendi ya jasho, pana, ya kitambaa. Bangili ilikuwa chini yake.

"Hapo chini kuna nini?" mwalimu aliuliza.

"Jasho tu, Mwalimu."

Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akanyoosha mkono kuishika ile bendi, na wakati uleule mlinzi akamwita kutoka nje. "Mwalimu, njoo uone hapa langoni. Watu ni wengi mno." Akaniacha, akatoka.

Kibendera alinisogelea sikioni. "Kipenga, nimeiona. Itoe."

"Ni mpira mtupu, haiwezi kumkwaruza mtu," nikamwambia. "Nyamaza basi, usinichongee." Nilidhani kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya mikwaruzo tu.

Tulipotoka nje, nilielewa kwa nini mlinzi alikuwa na wasiwasi. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, jua linawaka, na watu walikuwa wamejaa hadi juu ya ukuta. Waliokutana ni timu za wasichana za shule mbili jirani, Bluu na Njano, na uwanja ulikuwa wetu kwa sababu hawakuaminiana kwenda kwa mmoja wao. Mwaka uliotangulia walipokutana, vioo saba vya madirisha vilivunjwa na mtoto mmoja alishonwa kichwani. Safari hii vijana wa upande wa Njano walikuja na madebe, wakawa wanayapiga kwa pamoja, polepole, hata mpira haujaanza.

Mezani, kwenye saa kubwa ya kupimia muda, alikaa Mama Kengele. Huyu alikuwa mhudumu wa shule yetu, na kazi yake mojawapo ilikuwa kugonga kengele. Hakuwahi kukosea hata dakika moja. Tulikuwa tukitania kwamba jua lenyewe humuuliza saa kabla ya kuchomoza. Ikibaki dakika moja, yeye huinua ubao; muda ukiisha, huinua mkono mtupu, wima, na mwamuzi hupuliza.

Kabla ya mchezo aliwaita makocha wote wawili, nami nikiwa nimesimama palepale. "Jueni kabisa," aliwaambia, "yule golikipa wa Bluu ni binti yangu. Anaishi kwa bibi yake, ndiyo maana anasoma kule. Kama hamnitaki kwenye saa, semeni sasa."

"Kaa tu, Mama," kocha wa Njano alisema. "Tunakujua."

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Dakika ishirini na tano zilipotimia, saa ilitetemeka kwenye mkono wangu wa kushoto, mkono wa Mama Kengele ukapanda, nikapuliza. Mambo safi. Nikakimbilia chooni, nikafunga mlango, nikafunua bendi. Hatua elfu saba na mia mbili. Nikacheka peke yangu mle chooni kama mwehu.

Dakika ya kumi ya kipindi cha pili Bluu wakafunga. Madebe yakanyamaza ghafla, na ule ukimya ulinitisha kuliko kelele. Kisha yakaanza tena, kwa kasi zaidi, na watu wa Njano wakasogea hadi kwenye mstari. Kibendera alikuwa akiwarudisha nyuma kwa kijiti cha bendera. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa akirudiarudia, "Refa, tunakuona. Refa, tunakuona." Nilitamani muda uishe, niende zangu nyumbani.

Basi ikawa hivi. Mshambuliaji wa Njano, msichana mwembamba mwenye jezi namba tisa, aliunasa mpira katikati ya uwanja, akampita wa kwanza, akampita wa pili. Nikamfuata mbio. Alipoinua mguu kupiga, mkono wangu ukatetemeka. Tulikuwa tumefanyishwa mazoezi ya kitu hicho wiki nzima: ukihisi mtetemo, kipenga mdomoni. Mwili wangu ulijua kuliko kichwa. Nikapuliza mara tatu, na kipenga cha tatu kilikuwa bado hakijaisha mpira ulipogonga wavu.

Namba tisa aliruka juu kushangilia. Kisha akaniona nimenyoosha mikono kumaliza mchezo, akabaki kinywa wazi.

Nikatazama mkono wa kushoto. Saa ilisoma dakika ishirini na tatu na sekunde ishirini. Dakika moja na sekunde arobaini zilikuwa zimebaki. Mtetemo haukutoka mkono wa kushoto. Ulitoka kulia, kwenye bangili, iliyokuwa ikinipongeza kwa kutimiza hatua elfu kumi. Katika siku zote nne sikuwahi kuzifikisha, kwa hiyo sikujua kama huwa inatetemeka.

Kocha wa Njano alikuwa ameshanifikia. "Refa! Muda gani huo? Muda gani huo?" Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, wengi. Nikatazama mezani kutafuta msaada. Mama Kengele alikuwa amesimama, mkono wake mmoja juu, ameshika ubao wa dakika ya mwisho, akinishangaa.

"Nimefuata ishara ya mezani," nikasema.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka yenyewe, tena kwa sauti kavu, ya mtu mwenye uhakika. Na nilipoyasema, kidole changu kikabonyeza saa ya mchezo na kuirudisha sifuri.

Kocha akageuka. Watu wote wakageuka. Mtu akapaza sauti, "Ni mama wa golikipa yule! Kamwokoa binti yake!" Nikaona meza ikipinduka. Mlinzi na mwalimu wa michezo walimshika Mama Kengele huku na huku, wakamkimbiza kuelekea chumba cha walimu, nami nikasukumwa nyuma yao. Mlango ukafungwa kwa komeo. Jiwe la kwanza likaanguka juu ya bati, likabingirika hadi chini.

Mle ndani tulikuwa sita: mwalimu mkuu, makocha wawili, mwalimu wa michezo, Mama Kengele na mimi. Mlinzi alikuwa nje, ameuegemea mlango kwa mgongo. Mwalimu mkuu aliiweka ile saa ya mezani katikati ya madaftari. Mama Kengele, kwa mazoea yake, alikuwa ameisimamisha pale nilipopuliza. Ilisoma ishirini na tatu na ishirini.

"Kwa hiyo ulijua muda haujaisha," kocha wa Njano alimwambia, "na bado ukainua mkono."

"Saa yako wewe ilisomaje?" mwalimu wa michezo aliniuliza.

"Niliizima haraka, Mwalimu. Sikuona." Huo ulikuwa uongo wa tatu tangu asubuhi, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jiwe lingine likagonga bati. Kisha mawili. Madebe yalikuwa yamehamia dirishani.

"Mama," mwalimu mkuu alisema, "uliinua mkono au hukuinua?"

Nilimwomba Mungu aseme hakuinua. Neno lake na langu yangegongana, wangechoka, wangeacha. Lakini Mama Kengele alifuta jasho kwa upindo wa kanga yake, akasema, "Niliinua. Ilikuwa inakaribia dakika ya mwisho, nikauchukua ubao ili uwe tayari. Sikumpa mtoto ishara. Lakini mkono niliuinua, siwezi kusema sikuinua."

"Amekiri!" kocha wa Njano akapiga meza.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alionekana mzee ghafla. "Mama, miaka kumi na moja umenifanyia kazi hapa. Lakini wale watu nje siwezi kuwaambia hakuna kitu. Itabidi nikuandikie barua. Jumatatu usije, hadi ofisi ya elimu itakapoamua."

Mama Kengele hakubishana. Aliangalia mikono yake. Kisha akanigeukia mimi, na nilidhani sasa atanilipukia, na kusema kweli ningeshukuru. Akasema, "Msimlaumu huyu mtoto, tafadhalini. Kelele zilikuwa nyingi. Pengine aliniona vibaya tu. Kuona vibaya si dhambi."

Hapo nilishindwa. Ningeweza kuvumilia matusi, ningeweza hata kuvumilia jiwe, lakini si kutetewa na mtu niliyemchimbia shimo. Machozi yalinitoka kabla ya maneno. Nikaivuta bendi ya jasho, ikatoka, nikauweka mkono wa kulia juu ya meza mbele yao wote.

"Sikumwona," nikasema. "Sikumtazama kabisa. Ni hii ilitetemeka, nikadhani ni saa ya mchezo. Mkono wake niliuona baadaye, nikasema uongo. Na saa yangu niliifuta mimi."

Kioo cha bangili kiliwaka. Kilisoma hatua elfu kumi na mia tatu, na pembeni palikuwa na picha ya kikombe kidogo cha ushindi. Mwalimu wa michezo aliifungua bangili taratibu, akaitia mfukoni, akafumba macho.

"Niliona bendi imetuna, na jasho halitunishi vile," alisema kwa sauti ya chini. "Ilinipasa niifunue mwenyewe. Nami nina langu la kujibu."

"Sasa?" kocha wa Bluu aliuliza. Alikuwa hajasema kitu tangu tuingie.

"Kanuni iko wazi," mwalimu wa michezo akajibu. "Mwamuzi akikatisha mchezo kimakosa, muda uliobaki unachezwa. Goli halipo, kwa sababu kipenga kililia kabla mpira haujavuka mstari. Nitachezesha mimi. Lakini kwanza watu waambiwe, na mlango huu haufunguki mpaka waambiwe."

Wote wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mlango ukafunguliwa kidogo, mwalimu akaniwekea mkono begani, tukatoka barazani. Sikuwahi kuona nyuso nyingi zenye hasira namna ile. Mwalimu mkuu akanipa kipaza sauti. Kilikuwa kizito, kikagonga meno yangu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mama wa kwenye saa hakufanya kitu. Nilivaa bangili iliyokatazwa, ikanidanganya, na mimi nikawadanganya nyinyi."

Zomeazomea ikaanza. Chupa ya maji ilirushwa, ikanipiga gotini. Sikukwepa. Nilimwona namba tisa mbele kabisa, machozi yakimtiririka. "Na goli langu je?" alinipigia kelele. "Refa, goli langu je?"

Polepole mawe yakaanza kudondoshwa chini. Hakukuwa tena na mtu wa kumpiga, maana mimi nilikuwa mtoto, nalia, na nimeshasema. Meza ikainuliwa. Mwalimu mkuu akamwomba radhi Mama Kengele hadharani, akampa saa. Yeye akatikisa kichwa. "Mtafuteni mwingine, Mwalimu. Mie leo basi."

Kapteni wa Njano, msichana mwenye kitambaa mkononi, akatoka kwenye kundi la wenzake. Akainama kidogo, kwa adabu. "Shikamoo, Mama. Tunaomba ukae wewe. Timu yetu imekubaliana."

Mama Kengele alimtazama, akaitazama saa, akakaa.

Dakika moja na sekunde arobaini ni ndefu sana ukiwa umesimama pembeni bila kipenga. Njano walishambulia kwa nguvu zao zote. Namba tisa alipiga mara moja, mpira ukagonga mwamba na kutoka. Ubao wa dakika ya mwisho ulipanda, ukashuka. Kisha mkono ukapanda wima, mwalimu akapuliza, na Bluu wakawa washindi. Hakuna aliyepiga debe. Watu waliondoka vichwa chini, na mlinzi akafunga lango kwa mnyororo.

Nilimkuta Mama Kengele akikunja kitambaa cha meza. Nikapiga magoti. "Nisamehe, Mama."

"Inuka, utachafua soksi," alisema. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini nikwambie jambo. Pale ndani sikuogopa mawe, wala ile barua. Niliogopa kwamba binti yangu yuko nje anasikia, na ataamini. Mimi nikimwambia sikufanya, mama yake, atasema namfariji. Nenda ukamwambie wewe."

Golikipa alikuwa ameketi peke yake kwenye mabomba ya maji, glavu mapajani. Wenzake wa Bluu walikuwa wakiimba kwenye gari lao, yeye hakuwa pamoja nao. Nilisimama mbele yake. Mwalimu wa michezo alinifuata, akasimama hatua chache nyuma yangu.

"Nilisikia ulichosema kwenye kipaza sauti," golikipa alisema bila kuinua uso. "Lakini ulisema mbele ya watu. Watu wazima wanaweza kukutuma useme. Niambie kweli. Mama hakuniinulia mkono?"

"Hakukuinulia. Walipomuuliza alisema ukweli uliomuumiza mwenyewe. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Mimi niliamini," akasema. "Walipopiga kelele, niliamini mara moja. Kwamba mama yangu ni mwizi." Akajifunika uso kwa glavu akalia, mabega yakimtikisika. Akainuka, akapita karibu yangu bila kunigusa, akaanza kukimbia kuelekea mezani.

Mwalimu akanisogelea. Tuliangalia pamoja jinsi mama alivyoachia kitambaa kikaanguka, akafungua mikono.

"Hutashika kipenga mpaka mwakani," mwalimu alisema. "Na ukirudi, utaanza na kukusanya mipira."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Pengine ulidhani kanuni ile ni ya mikwaruzo tu. Ni ya mikwaruzo, ndiyo, lakini si hiyo tu. Watu mia tano wakikubali kumtii mtoto mmoja mwenye kipenga, ni kwa sababu wanaamini hana kitu kingine mkononi. Uongo wako wa kwanza ulikuwa mdogo, ulitosha chini ya bendi ya jasho. Umeona wa mwisho ulivyokuwa mkubwa? Uliwafunika mama mzima na mtoto wake." Alinipa bangili yangu. "Makosa tunayarekebisha, Kipenga. Dakika ulizopoteza tulizirudisha. Lakini kile alichoamini yule binti kwa nusu saa, hicho hatuna saa ya kukirudisha nyuma. Kwa hiyo ukikosea, sema palepale, kabla mtu mwingine hajalipa kwa ajili yako."

Niliikunja ile bangili ndani ya kiganja, nikaenda kuokota mawe uwanjani, moja moja, mpaka ndoo ikajaa.